Ushauri: Wageni wa Kichina meza kuu, nani atangulie? Nimeshachemka mara moja, sitaki kurudia

Mkalimani wa Mwenge (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mfasiri wa kujitegemea wa Kichina na Kiswahili, nilisoma Wuhan miaka minne. Lugha siyo tatizo. Tatizo langu ni vyeo.

Mwezi uliopita ofisi moja (sitaitaja) ilinipa nitafsiri taarifa ya hafla ya kitaifa iliyofanyika Beijing. Mwishoni kulikuwa na orodha ya viongozi waliohudhuria: Xi Jinping, Li Qiang, Zhao Leji, Wang Huning, Cai Qi, Ding Xuexiang, Li Xi, Han Zheng. Nikatafuta kila mmoja ana cheo gani. Kumbe Han Zheng ni Makamu wa Rais! Makamu wa Rais anakuwaje wa nane? Nikajua tu aliyeandika alikuwa anasinzia. Nikampandisha Han Zheng namba mbili, halafu nikamtanguliza Ding Xuexiang mbele ya Cai Qi, maana Ding ni Naibu Waziri Mkuu na Cai Qi nilimwona ni katibu wa ndani ya chama tu. Nikatuma, nikalala usingizi wa haki.

Asubuhi faili limerudi jekundu tupu, chini wameandika maneno mawili: "Nani kakutuma?" Malipo yakakatwa robo.

Sasa wiki ijayo nina kazi nyingine. Kuna msafara unakuja kwenye maonyesho ya utamaduni kutoka mkoa mmoja wa China. Mimi ni mkalimani, na kwa vile "najua mambo ya Wachina" nimetupiwa na kazi ya kupanga vibao vya majina meza kuu. Wakubwa wako wanne: meya wa mji, mkuu wa Idara ya Uenezi ya Chama ya mkoa, mkurugenzi wa ofisi ya mambo ya nje ya mkoa, na mwenyekiti wa kampuni ya serikali ya mkoa huo, ambayo ndiyo inalipia ukumbi. Nimepanga hivi: mwenye hela kwanza, meya, mkurugenzi, mwisho mwenezi.

Nirekebisheni kabla sijaaibika. Naomba kuwasilisha.

---

kisiki_cha_mpingo

Mkuu unajitesa bure. Shika kipaza sauti, sema "itifaki imezingatiwa", endelea na ratiba.

---

Shangazi wa Itifaki

Kisiki, hiyo inaokoa mdomo. Vibao vya majina havisemi "itifaki imezingatiwa", viko pale mezani vinatazamana na kamera.

Mwanangu Mkalimani, nimefanya kazi ya itifaki miaka mingi kabla sijastaafu, na misafara ya Wachina nimeipokea hadi nimechoka. Kosa lako la kwanza lilikuwa kuisoma orodha yao kwa macho ya hapa kwetu. Hapa Makamu wa Rais yuko nyuma ya Rais, mtoto wa shule ya msingi anajua. Kule, namba haitoki kwenye kiti cha serikali. Inatoka kwenye chama.

Hao saba wa mwanzo ulioandika ndio Kamati ya Kudumu ya Ofisi ya Siasa, yaani kundi dogo la juu kabisa la Chama cha Kikomunisti, waliochaguliwa Oktoba 2022 baada ya Mkutano Mkuu wa 20 wa chama. Walipotoka mbele ya waandishi wa habari walitembea kwa mstari, na mpangilio wa ule mstari ndio namba zao. Li Qiang alitoka wa pili, na wakati huo hata Waziri Mkuu hajawa! Uwaziri Mkuu aliupata Machi 2023. Namba ilitangulia, kiti kikaja nyuma.

Han Zheng alikuwa ndani ya saba wa kipindi kilichopita, akatoka 2022, kisha Machi 2023 akapewa Umakamu wa Rais. Hayumo tena kwenye Kamati ya Kudumu, kwa hiyo anatajwa baada ya saba wote. Kabla yake Wang Qishan alikaa hivyo hivyo, Makamu wa Rais asiye na kiti kwenye hiyo kamati. Kwa hiyo wa nane ni sahihi kabisa, wala hakuna aliyesinzia.

Na Cai Qi uliyemwita katibu tu, mwanangu, ndiye anayeongoza Sekretarieti ya chama na Ofisi Kuu ya Kamati Kuu. Karatasi inayokwenda mezani kwa mkubwa inapita kwake. Ni wa tano, Ding ni wa sita. Ungenipelekea mimi hiyo tafsiri ningekata nusu.

---

Mkalimani wa Mwenge

Shangazi umenimaliza 😂 Ila nina swali. Kwani Waziri Mkuu siku zote ni wa pili? Nikariri hivyo?

---

Shangazi wa Itifaki

Usikariri. Zhu Rongji alikuwa Waziri Mkuu akiwa wa tatu, nyuma ya Jiang Zemin na Li Peng. Wen Jiabao naye wa tatu, mbele yake Hu Jintao na Wu Bangguo, na huyo Wu alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Bunge. Aliyerudi nafasi ya pili ni Li Keqiang, 2012. Kila miaka mitano unafungua daftari jipya.

---

Gz2Kariakoo

Mimi mfanyabiashara, siasa sijui, lakini hayo mambo ya kukaa yalishanikuta. Mwaka wangu wa kwanza Guangzhou mwenye kiwanda alinialika chakula. Nimefika mapema, chumba kina meza ya duara, hakuna mtu. Nikachagua kiti kizuri kinachoangalia mlango, nimpungie kila anayeingia. Wakaanza kuingia mmoja mmoja, wananiangalia, wanatabasamu, hawakai. Watu saba wamesimama ukutani kama wanapigwa picha ya pasipoti. Dada mmoja wa mauzo ndiye aliyeninong'oneza kwamba kile kiti kinachotazama mlango ni cha mwenye shughuli. Nilihama na kikombe changu cha chai mkononi, jasho linanitoka na kiyoyozi kinawaka.

Lingine, mkuu: usiwaite kwa jina la mwisho. Jina la ukoo linaanza. Nilishasikia mshereheshaji hapa Dar anamkaribisha "Mheshimiwa Jianguo", ni kama umwite mkuu wa mkoa "Mheshimiwa Juma" mbele ya watu. Sema Katibu Wang, Meya Li. Na akiwa ni naibu meya, wenzake wakimwita hulimeza hilo "naibu", wanamwita Meya Li tu, anafurahi. Ila meya mwenyewe akiwa chumbani, litamke.

---

Mnoko Mkuu

Samahani, mnaikuza hii namba kuliko inavyostahili. Deng Xiaoping alitoka Kamati ya Kudumu na Kamati Kuu nzima mwaka 1987, akabaki mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi. Hakuwahi kuwa Rais wala Waziri Mkuu. Lakini nani alikuwa na neno la mwisho? Mei 1989 Zhao Ziyang, Katibu Mkuu mwenyewe, alimwambia Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, mbele ya kamera kwamba mambo makubwa bado yanapelekwa kwa Deng. Namba moja kwenye karatasi anamkiri asiye na namba. Sasa hiyo orodha inakusaidia nini?

---

Shangazi wa Itifaki

Inamsaidia kupanga vibao, Mnoko. Nguvu ya mtu hailetewi kiti. Kijana ana meza moja na wageni wanne, wewe unamletea Deng.

---

Mzee wa Reli

Mnoko ana hoja nusu. Nusu nyingine ni kwamba orodha inasema, tena mapema. Marehemu baba alifanya kazi TAZARA na mafundi wa Kichina, na habari za viongozi wao zilikuwa zinamfurahisha kuliko mpira. Mwalimu alipokwenda Beijing Februari 1965, Rais wa China alikuwa Liu Shaoqi, mtu wa pili nyuma ya Mao. Agosti 1966 kikafanyika kikao cha Kamati Kuu. Liu hakufukuzwa siku hiyo, Urais akabaki nao. Lakini majina yalipotoka, Lin Biao yuko wa pili na Liu yuko wa nane. Rais wa nchi, wa nane! Waliojua kusoma orodha walielewa kuwa amekwisha. Alivuliwa vyote 1968, akafa kizuizini mwaka uliofuata. Baba alikuwa akisema kule mtu huanguka kwanza kwenye orodha, ndipo anaanguka chini.

Kwa hiyo kijana, ulipompandisha Han Zheng namba mbili, uliandika habari. Ndiyo maana wakauliza nani kakutuma.

---

Mkalimani wa Mwenge

Mzee hapo nimeelewa mpaka nimeogopa. Lakini mbona kuna orodha nyingine nimeiona, ya Ofisi ya Siasa nzima iliyochaguliwa 2022, watu 24, wa kwanza ni Ding Xuexiang, Xi ni wa pili, na Cai Qi ni wa mwisho kabisa? Hiyo nayo ni habari?

---

Mwanafunzi wa Hanzi

Hiyo naijibu mimi, Shangazi apumzike. Hiyo imepangwa kwa idadi ya mistari ya kalamu kwenye jina la ukoo, ni alfabeti yao. 丁 Ding mistari miwili. 习 Xi mitatu. 马 Ma mitatu. 王 Wang minne. 蔡 Cai ni msitu mzima, ndiyo maana yuko mkiani. Orodha ya namna hiyo huandikwa kwenye mabano kwamba ni kwa mistari ya jina la ukoo, na hapo maana yake ni kwamba hawataki kukwambia nani mkubwa kati ya hao. Kamati ya Kudumu haipangwi hivyo. Kabla hujatafsiri, tafuta hayo mabano, usiyatupe.

---

Bi Mkubwa wa Tanga

Katika hao 24 wanawake wangapi?

---

Mwanafunzi wa Hanzi

Hakuna, bibie. Kipindi kilichopita alikuwepo Sun Chunlan, akatoka 2022, hakuingia mwingine.

---

Bi Mkubwa wa Tanga

Haya. Endeleeni na viti.

---

Shangazi wa Itifaki

Narudi kwenye meza yako sasa, Mkalimani.

Serikali yao ina ngazi tano: taifa, wizara na mkoa, idara, wilaya, na ya chini kabisa tarafa. Kila ngazi ina mkuu na naibu, jumla kumi. Gavana wa mkoa na waziri wa Beijing ni ngazi moja. Na kila mahali katibu wa chama anamtangulia mkuu wa serikali: mkoani katibu mbele ya gavana, mjini katibu mbele ya meya. Ukishika hilo, makosa mengi yanapungua.

Huyo uliyemweka mwisho ukamwita mwenezi, ndiye mkubwa wao. Mkuu wa Idara ya Uenezi ya mkoa kwa kawaida ni mjumbe wa Kamati ya Kudumu ya chama ya mkoa, wenyewe wanasema *changwei*. Hiyo ni ngazi ya naibu waziri. Angekuja na naibu gavana asiyekuwa changwei, ngazi yao ingekuwa moja, na bado mwenezi angetangulia.

Meya inategemea mji. Kuna miji 15 iliyopewa hadhi ya karibu na mkoa, kama Guangzhou, Shenzhen, Chengdu, Xi'an, na huko kwako Wuhan, ambayo meya wake ni ngazi ya naibu waziri. Mji wa kawaida, meya ni ngazi ya idara, yaani sawa na huyo mkurugenzi wa ofisi ya mambo ya nje ya mkoa. Kati ya hao wawili usipige ramli, waulize wenyewe.

Mwenye hela anakaa mwisho. Najua inauma, ukumbi kalipa yeye. Wapo wenyeviti wa makampuni makubwa ya taifa wenye ngazi ya naibu waziri, lakini huyo wako ni wa kampuni ya mkoa. Wala hatanuna, anaijua nafasi yake kuliko wewe.

---

Mkalimani wa Mwenge

Huyo mkubwa nimweke kulia au kushoto kwa mkuu wetu wa mkoa? Wuhan nilikuwa naona namba mbili anakaa kushoto kwa namba moja.

---

Shangazi wa Itifaki

Umeona vizuri. Vikao vyao vya ndani, mkubwa katikati, wa pili kushoto kwake, wa tatu kulia. Lakini wakikaa na wageni wa nje wanafuata desturi ya kimataifa, mgeni anakuwa kulia kwa mwenyeji. Angalia picha yoyote ya Beijing wakipokea rais wa kigeni. Hapa mwenyeji ni mkuu wetu wa mkoa, anakaa katikati, mwenezi kulia kwake. Wewe mkalimani kiti chako ni cha nyuma yao, katikati ya mabega. Usije ukajipa kibao.

Na kesho asubuhi waandikie, omba orodha rasmi ya msafara. Itakavyokuja, ipange hivyo hivyo, usiguse hata nukta.

---

Mkalimani wa Mwenge (siku mbili baadaye)

Mrejesho wakuu. Orodha imekuja kwa WeChat saa mbili usiku. Mwenezi namba moja, na cheo chake kimeanza na "Mjumbe wa Kamati ya Kudumu ya Chama ya Mkoa", uenezi umefuata nyuma kama Shangazi alivyosema. Wa pili siyo meya! Ni mkurugenzi wa mkoa, meya wa tatu, mwenye hela wa nne.

Vibao vinne nilikuwa nimeshavichapisha kwa gharama yangu, na viwili nimegeuza majina ya ukoo yakawa mwisho. Niko stesheneri hapa Mwenge navichapa upya, jamaa anataka kufunga.

---

Gz2Kariakoo

Pole. Mwambie na mtu wa chakula aweke birika la maji ya moto matupu mezani. Maji ya baridi watayashukuru na hawatayanywa.

---

kisiki_cha_mpingo

Birika likae kulia au kushoto?