Kitako cha kurekebisha kwa bunduki ya AR-10, nichukue kipi?

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Nina AR-10 ya risasi za 7.62x51, natumia kulenga shabaha za mbali tu, sasa kitako chake ni kile cha A2 hakirekebishiki chochote na darubini imekaa juu, nikilaza shavu naona kivuli cheusi tu, inabidi niinue kichwa nibaki nimegusa kidevu ndo picha ijae, na ikipiga shavu lishahama. Nimefunga sponji na utepe, inasaidia ila nikitoka jasho inateleza mbaya.

Niko njia panda kati ya vitako viwili vya kurekebisha, Magpul PRS na Luth-AR MBA-1. PRS unazungusha kwa vidole tu, urefu na kipande cha shavu, ila ni zito, japo mtutu wangu nao mzito kwa hiyo huenda ikabalansi. MBA-1 jepesi na bei yake nafuu, je ukipiga sana kipande cha shavu hakilegei? Na ukikipandisha, mkono wa kukokia haukigongi? Tyubu yangu (bomba la nyuma linaloingia ndani ya kitako) ni ile ndefu, bafa (kile kizito kinachocheza ndani yake) na springi sitaki kuvigusa maana sasa hivi inakula risasi vizuri.

Mwenye kuzitumia zote mbili anisaidie tafadhali.