Bango la Jumamosi: sahihisheni kabla ya saa kumi

Mama Rukia: Asalaam aleikum jamaa. Rasimu ya bango la baraza la Jumamosi ndiyo hiyo hapo juu. Kichwa chake "Marais Wanawake wa Dunia", majina 14, karatasi ya A1. Duka la kuchapisha lataka faili kabla ya saa kumi jioni. Mwenye kuona kosa aseme sasa hivi.

Mwalimu Athman: Waaleikum salaam. Kosa la kwanza ni kichwa chenyewe. Indira Gandhi wa India, Golda Meir wa Israel, Thatcher wa Uingereza na Benazir wa Pakistan hawakuwa marais, walikuwa mawaziri wakuu. Merkel alikuwa chansela. Andika "Wanawake Walioongoza Mataifa", kisha ongeza safu ya cheo kando ya jina.

Saumu: Mwalimu, msomaji wa kawaida cheo kitamsaidia nini? Si wote wakubwa wa nchi?

Mwalimu Athman: Kitamsaidia sana, Saumu. Cheo ndicho kinachokwambia mamlaka yako wapi. Sahle-Work Zewde alikuwa rais wa Ethiopia kuanzia Oktoba 2018 hadi Oktoba 2024, lakini serikali ya Ethiopia huendeshwa na waziri mkuu. Ujerumani nako rais yupo, lakini miaka 16, 2005 hadi 2021, mwenye serikali alikuwa Merkel. Sasa ukiwapanga wote kwa neno "rais", mtu atadhani Sahle-Work alikuwa na nguvu za Ellen Johnson Sirleaf, rais wa Liberia aliyeendesha serikali mwenyewe. Hakuwa nazo.

Bi Zuhura: Na hapo kwenye "wa kwanza duniani" mumeandika Indira 1966. Si yeye. Ni Sirimavo Bandaranaike wa Sri Lanka, Julai 1960, wakati nchi yaitwa Ceylon.

Saumu: Kwani Isabel Perón si ndiye wa kwanza, Bi Zuhura?

Bi Zuhura: Mwanangu, "wa kwanza" wako watatu, wala hawagombani. Waziri mkuu wa kwanza: Bandaranaike, 1960. Wa kwanza kubeba cheo cha rais: Isabel Perón wa Argentina, 1974, alikuwa makamu, mumewe akafa akapanda. Wa kwanza kupigiwa kura na wananchi wote awe rais: Vigdís Finnbogadóttir wa Iceland, 1980, akakaa miaka 16. Andikeni wote watatu, na kila mmoja aelezwe ni wa kwanza wa nini.

Khadija: Afrika je? Hapa mumemtia Sirleaf peke yake.

Bi Zuhura: Sirleaf ni wa kwanza Afrika kuchaguliwa rais kwa kura. Waziri mkuu wa kwanza barani ni Elisabeth Domitien, Jamhuri ya Afrika ya Kati, 1975. Na hapo Liberia penyewe, Ruth Perry aliongoza baraza la mpito 1996, miaka tisa kabla ya Sirleaf kushinda.

Ami Badi: Nimeisoma rasimu. Majina na miaka yatarekebishika. Kinachonisumbua ni kuwa bango halisemi hata mmoja wao aliingiaje. Akina mama watakaokuja Jumamosi, wako wanaotaka kugombea hapa Kenya 2027. Orodha ya majina haiwafai kitu. Ongezeni safu nyingine: MLANGO. Milango mikubwa ni mitatu: chama, umakamu, na kura ya moja kwa moja.

Mama Rukia: Ami, tufafanulie kidogo ili nijue nani namweka wapi.

Ami Badi: Mlango wa chama ndio wa mawaziri wakuu. Mwananchi humchagua mbunge wake, wabunge au chama humpata kiongozi. Huhitaji kura za nchi nzima kwa jina lako, wahitaji chama chako kikuamini. Ndiyo maana mawaziri wakuu wanawake walitangulia marais. Lakini ubaya wake: chama kilichokupa ndicho kinachokunyang'anya. Mtazameni Thatcher. Uchaguzi mkuu hakushindwa hata mmoja, alishinda 1979, 1983 na 1987. Alitolewa Novemba 1990 na wabunge wake mwenyewe.

Saumu: Nilidhani alishinda ile kura ya chama?

Ami Badi: Aliongoza, hakushinda. Hesabu yake ni hii. Wabunge wa chama 372. Kanuni yasema wa kwanza lazima ampite wa pili kwa asilimia 15 ya wabunge WOTE wenye haki ya kupiga kura, si waliopiga tu. Asilimia 15 ya 372 ni 55.8, kwa hivyo 56. Yeye 204, mpinzani wake Heseltine 152, tofauti 52. Zilipungua kura nne. Na 16 walikuwa hawakumpa yeyote. Mwanasiasa asiyesoma kanuni za chama chake mpaka ile ibara ya mwisho aweza kuwa na kura nyingi na bado akaenda nyumbani.

Khadija: Subhanallah. Nne tu.

Mwalimu Athman: Mlango wa umakamu: Isabel Perón, Megawati wa Indonesia 2001, Joyce Banda wa Malawi 2012, Samia Suluhu 2021. Hapa kinachomlinda mtu ni maandishi ya katiba. Joyce Banda alifukuzwa chamani Desemba 2010 akaunda chama chake, lakini umakamu haukumtoka, kwa kuwa alichaguliwa tiketi moja na rais na rais hana uwezo wa kumfuta. Rais Mutharika alipofariki 5 Aprili 2012, wako waliojaribu kumzuia. Katiba ikasimama, akaapishwa tarehe 7. Angekuwa makamu wa kuteuliwa tu na kufutwa, habari ingekuwa nyingine.

Bi Zuhura: Ongeza kuwa 2014 aligombea akawa wa tatu. Kurithi kiti na kukishinda ni kazi mbili.

Mwalimu Athman: Kweli, litiwe. Na Samia hapo nataka mumweke kwa upana kidogo, kwa kuwa ngazi yake yaonekana vipandio vyote. 2000 aliingia Baraza la Wawakilishi Zanzibar kwa kiti maalum cha wanawake. 2010 akagombea jimbo la Makunduchi akawa mbunge. 2014 makamu mwenyekiti wa Bunge la Katiba. 2015 makamu wa rais. 2021 rais. Alianza na kiti maalum lakini hakukaa hapo.

Khadija: Na vile alivyoingia katikati ya muhula, huo muhula wahesabiwa wake?

Ami Badi: Wahesabiwa. Ibara ya 40 ya katiba ya Tanzania: makamu akimalizia chini ya miaka mitatu aweza kugombea mara mbili, akimalizia mitatu au zaidi, mara moja tu. Yeye alimalizia zaidi ya mitatu.

Mama Rukia: Mlango wa tatu nauelewa, kura ya moja kwa moja. Vigdís, Sirleaf, Sheinbaum wa Mexico 2024, Netumbo wa Namibia.

Mwalimu Athman: Hao hao. Kwa Sirleaf andika kuwa duru ya kwanza Oktoba 2005 aliyeongoza ni George Weah. Yeye alikuwa wa pili, akashinda marudio ya Novemba kwa asilimia 59. Kati ya duru mbili kazi ni kuzifuata kura za walioanguka. Netumbo Nandi-Ndaitwah alipata zaidi ya asilimia 57 duru ya kwanza, akaapishwa 21 Machi 2025. Makamu wake mwanamke, spika mwanamke. Chama chao kilikubali mapema orodha ya pundamilia: mwanamume, mwanamke, mwanamume, mwanamke, mpaka chini.

Saumu: Rwanda wasiachwe. Bunge lina wanawake zaidi ya wanaume.

Ami Badi: Lakini lieleweke sawa. Viti 80: 53 vya orodha za vyama, 24 vya wanawake, 2 vya vijana, 1 cha wenye ulemavu. Zile 24 ni asilimia 30 tu. Uchaguzi wa 2013 wakawa 51 kati ya 80, kwa hivyo 27 walipita nje ya zile 24, wengi kwa orodha za vyama. Kinachoamua ni nafasi ya jina kwenye orodha. Ukiwekwa mkiani mwa orodha wewe ni pambo. Na pamoja na wingi wote huo, rais mwanamke bado hawajapata.

Bi Zuhura: Hila nazo zitajwe. Mexico 2009 wanawake walichaguliwa, wakaapa, kisha baadhi wakaomba likizo ili wanaume waliokuwa wasaidizi wao, yaani wagombea wa akiba, wakalie kiti. Mahakama ya uchaguzi ikaamuru 2011 kuwa mgombea mwanamke msaidizi wake awe mwanamke. Ufaransa sheria ya 2000 ilivitaka vyama viweke wagombea wanawake na wanaume sawa, vyama vikubwa vikaona heri kukatwa ruzuku kuliko kutafuta wagombea wanawake. Sheria isiyokaba pumzi hulipiwa faini na mambo yakaendelea.

Khadija: Kwetu Kenya ndivyo ilivyo. Katiba ya 2010 imeandika jinsia moja isizidi theluthi mbili ya bunge, na 2020 Jaji Mkuu Maraga akamshauri rais avunje bunge. Halikuvunjwa.

Ami Badi: Upande wa chini wa bango uwe wa Kenya, kwa hesabu. Majimbo 290, wawakilishi wa kike wa kaunti 47, wateuliwa 12, jumla 349. Theluthi yake ni 116 na kitu, kwa hivyo wahitajika 117. Toa 47, zabaki 70. Hata nusu ya wateuliwa wakiwa wanawake, 64 lazima watoke majimboni, na 2022 walioshinda majimboni hawakufika hata 35. Pengo liko majimboni.

Mama Rukia: Na wapiga kura husema "nyinyi munacho chenu", wakimaanisha kile cha mwakilishi wa kike.

Bi Zuhura: Hilo ndilo la kujibiwa kwa mifano ya Pwani. Mishi Mboko: mwakilishi wa kike Mombasa 2013, mbunge wa Likoni 2017. Aisha Jumwa: Kilifi 2013, Malindi 2017. Fatuma Achani: naibu gavana Kwale mihula miwili, gavana 2022. Magavana wanawake 2013 hakuna, 2017 watatu, 2022 saba. Kiti cha kike ni kipandio, watu wasikifanye kitanda.

Ami Badi: Na kwa anayetaka kugombea ubunge bila chama: sahihi 1,000 za wapiga kura walioandikishwa JIMBO HILO HILO. Kusanyeni 1,400, kwa kuwa nyingi huanguka: kitambulisho kimekosewa tarakimu, au mtu ameandikishwa Nyali na wewe wagombea Kisauni. Kiti cha wadi ni sahihi 500. Na katiba yataka uwe si mwanachama wa chama chochote miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027, kwa hivyo kabla ya 10 Mei uwe ushajiuzulu kwa maandishi na jina lako limetoka kwa msajili wa vyama. Wengi hungoja matokeo ya mchujo, wakikasirika tarehe imepita.

Saumu: Ada?

Ami Badi: 2022 ubunge ulikuwa shilingi 20,000, mwanamke 10,000. Hiyo ni ya tume ya uchaguzi. Ada ya chama ni mbali, na ndiyo inayowavunja watu.

Bi Zuhura: Pembeni chini, herufi ndogo, muandike Mwana Mkisi, malkia anayetajwa kabla ya Shehe Mvita katika habari za mji huu wa Mombasa. Lakini andikeni "kwa masimulizi", musimtungie mwaka.

Mama Rukia: Sawa Bi Zuhura. Safu sasa tano: jina, nchi, cheo, mwaka, mlango. Naona herufi zitakuwa ndogo. Niwaondoe nani?

Mwalimu Athman: Usiondoe mtu, ondoa picha. Zabaki mbili tu, Bandaranaike na Samia. Herufi za jedwali zisipungue pointi 30, mtu asome akiwa mita mbili.

Mama Rukia: Nimefanya. Hiyo hapo mpya, saa tisa na nusu.

Khadija: Samia mumeandika 17 Machi. Tarehe 17 ndiyo aliyofariki Magufuli. Kuapishwa ni 19.

Mama Rukia: 19. Nimebadilisha. Naituma dukani.