MJADALA: Dar irudi kuwa Mzizima? Mimi nasema Mzizima irudi, na Dar ibaki

Wakuu, kuna hoja haiishi: Dar es Salaam ni jina lililotolewa na sultani, lifutwe, turudi kwenye Mzizima. Wanaopinga wanajibu kwamba jina limeshazoeleka, tuachane na hayo. Mimi siko upande wowote kati ya hizo mbili.

Mzizima kilikuwa kijiji cha Washomvi na Wazaramo, watu wa bahari na shamba. Miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar akaja kujenga mji wake jirani na hapo. Alifariki 1870, na ndugu yake Barghash hakuwa na habari nao, mji ukadorora. Wajerumani wakaingia 1887, na mwaka 1891 wakahamishia makao makuu hapo kutoka Bagamoyo. Jina wakaliacha lilivyo.

Hata maana yake tunabishania. Wengine wanasema ni Dar as-Salaam, nyumba ya amani; wengine Bandar as-Salaam, bandari ya salama. Vyovyote iwavyo, bandari, amani na salama ni maneno tunayoyatumia kutwa nzima. Nani atakuja kuniambia si ya kwetu?

Hoja ya kwamba sultani aliyelitoa jina alitawala dola iliyonenepa kwa biashara ya watumwa ina uzito, siikwepi. Lakini jina la mji huwa la wanaolitamka. Angalieni Kariakoo. Imetokana na Carrier Corps, wale wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakafa kwa maelfu. Watu wamelitafuna neno la jeshi mpaka likawa Kiswahili, na ndani yake wale wapagazi bado wamo. Ukilifuta, unawafuta na wao. Dar nayo imeshatafunwa hivyo hivyo: Daslamu, Dar, Bongo.

Sasa kinachoniuma. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zikabaki manispaa. Kwa hiyo leo mtu wa Mbagala yuko Mkoa wa Dar es Salaam, lakini kwa karatasi hayumo katika Jiji la Dar es Salaam! Asubuhi anapanda daladala, konda anaita "Posta, Posta!", na nyumbani ameaga kwamba anakwenda mjini. Huko mjini anakokwenda ndiko ilikokuwa Mzizima.

Pale ndipo nafasi ilipotuponyoka. Lile jiji la katikati lingeitwa Jiji la Mzizima, mkoa ukabaki Dar es Salaam. Jina la wenyeji lingerudi mahali pake hasa, na huu mkanganyiko wa jiji na mkoa ungekwisha.

Msiniambie gharama za vibao. Barabara ya Samora iliitwa Acacia Avenue, ikawa Independence Avenue, ndipo ikawa Samora, na mji haukusimama hata siku moja.

Anayepinga anijibu hili moja: mtu wa Tegeta au Gongo la Mboto atapungukiwa nini Posta ikiwa ndani ya Jiji la Mzizima, Mkoa wa Dar es Salaam?