Tupeane uzoefu: Unapiga peke yako na kinanda kidogo, unakiseti vipi?

Mpiga wa Mwanjelwa

Habari za jioni wakuu. Uzi huu ni wa sisi tunaokwenda kupiga peke yetu: hakuna wa besi, hakuna wa ngoma, kinanda mgongoni na bodaboda mpaka ukumbini. Naanza na langu ambalo bado linaniuma.

Jumamosi nilipiga sendoff hapa Mwanjelwa. Kinanda changu kina funguo 61, na tundu pekee la kutolea sauti ni la hedifoni. Nyumbani nilifanya mazoezi wiki mbili kwa spika zake chenyewe, kinalia vizuri. Ukumbini nikachomeka jeki kwenye hedifoni, upande wa pili kwenye mixa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Sauti ikatoka lakini haina tumbo. Besi ya mkono wa kushoto haipo, piano inasikika kama imefunikwa na ndoo. Nikapandisha volyumu, zikazidi kelele tu. Bibi harusi mtarajiwa akaingia na wimbo alionichagulia mwenyewe, ninaoujua mpaka usingizini, ukatoka mkavu. Hakuna aliyenilaumu, ila nilimwona mama yake anamtazama MC. Mwenye kujua sababu anisaidie, Jumamosi ijayo nina kazi Uyole.

Kihesa Iringa

Kamwene. Pole sana kaka. Hebu itazame jeki uliyotumia, ina mistari mieusi miwili au mmoja? Kama ni miwili, umepata jibu. Hedifoni inatoa sauti mbili, ya kushoto na ya kulia. Tundu la chaneli moja kwenye mixa nyingi likiona jeki ya mistari miwili linadhani ni sauti moja iliyoletwa na nyaya mbili, mmoja ukiwa umegeuzwa, kwa hiyo linapiga hesabu ya kutoa, huu kwenye ule. Chochote kinacholingana kushoto na kulia kinafutika. Na vinavyokaa katikati ni besi na mdundo wa ngoma kubwa. Unabaki na mwangwi na vitu vya pembeni, ndiyo hiyo ndoo yako.

Mimi nilihangaika nayo kanisani mwaka mzima, nikabadilisha spika, nikaazima mixa nyingine, mpaka fundi redio mmoja wa Miyomboni akanichorea kwenye karatasi. Tafuta waya wa Y: upande mmoja jeki ya mistari miwili, upande wa pili jeki mbili za mstari mmoja mmoja. Ingiza kwenye chaneli mbili. Ikiwa umepewa chaneli moja tu, chomeka ya kushoto peke yake na nyingine iache inaning'inia. Upana utapungua, besi itarudi. Siku ukipata kinanda chenye matundu ya L/MONO (kushoto, au zote kwa pamoja) na R (kulia) na una waya mmoja, ingia L/MONO. Volyumu ya kinanda iweke robo tatu, kisha ndiyo ushike mixa.

Mtoto wa Tukuyu

Langu ni la kuzimika. Harusi, mvua ya kwetu kama mnavyoijua, hotuba za wazazi zikapita nusu saa. MC akaita muziki, nikabonyeza, kimya. Nikajua umeme umekatika, kumbe taa zote zinawaka. Vinanda vingi vya Yamaha vya aina ya PSR-E vimewekwa vijizime visipoguswa dakika 30. Kuondoa hilo: kizime, shikilia ufunguo wa mwisho kushoto, kiwashe ukiwa umeushikilia. Sasa ndicho ninachofanya kabla hata ya kufungua stendi.

Makambako Stendi

Adapta ndugu zangu! Nilisahau yangu nyumbani, nikaazima ya jirani kwa sababu ncha ilienea. Kinanda hakikuwaka tena, na kazi ile nilirudisha hela ya watu. Ncha kuenea si kitu. Soma volti, kisha soma kale kamchoro ka duara chenye + na − pembeni ya tundu. PSR nyingi zinatumia volti 12 na chanya katikati, wakati Casio nyingi za zamani ni volti 9 na hasi ndiyo iko katikati. Yangu sasa nimeifunga kwa kamba kwenye begi.

Dada wa Mafinga

Mimi natumia microKORG, sintesaiza ndogo ya funguo 37 iliyotoka 2002. Inalia noti nne tu kwa wakati mmoja. Kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) ya vidole vitatu na besi moja, imejaa. Ukiongeza noti ya tano, mojawapo inakatwa. Ilinibidi nipange upya nyimbo zangu zote: kushoto besi moja, kulia noti mbili, moja inabaki kwa ajili ya sauti inayofifia. Nyimbo zikapata nafasi ya kupumua na nikaanza kusikika ninapoimba. Kingine, ina sauti 128 na mwanzoni nilikuwa nazungusha kitasa kuzitafuta huku watu wananisubiri. Nikatoa kufuli la kuzuia kuhifadhi, nikaziweka kwa mfuatano wa nyimbo. Wimbo wa kwanza kitufe cha 1, wa pili cha 2. Nabonyeza bila kutazama.

Njombe Baridi

Juni na Julai, jukwaa la nje: glovu mpaka jina lako litajwe. Vidole vikishaganda hakuna seti itakayokuokoa.

Mpiga wa Mwanjelwa

Nimerudi. Jeki ilikuwa na mistari miwili. Waya wa Y nimeupata Kabwe. Jana Uyole nilifika saa nane mchana, ukumbi mtupu, nikachomeka chaneli mbili, nikabonyeza noti ya chini kabisa. Glasi za meza kuu zikatetemeka. Nilisimama pale nikaishikilia mpaka ikaisha yenyewe.

Leo asubuhi nimempigia mama wa yule binti wa Mwanjelwa. Nimemwomba niupige ule wimbo tena siku ya harusi, bila malipo. Amekubali. Kihesa, ndaga fijo, asante sana.