Umbo wastani la pafu la kulia limejikunja kama rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai)

kijana_wa_Mbale
Wakuu, nisaidieni kabla msimamizi wangu hajaiona aibu hii. Natafuta mapafu kwenye picha za eksirei kwa modeli ya umbo, ile ya Cootes na wenzake wa Manchester, 1995: unaipa nukta za mpaka wa pafu kwenye picha nyingi, inajifunza umbo wastani na jinsi linavyobadilika. Katika zile picha 247 za chama cha teknolojia ya radiolojia cha Japani nimechukua 60, kila pafu nikaliwekea nukta 40 kwa mkono. La kushoto limetoka safi. La kulia, mistari inakatana yenyewe, utadhani rolex iliyokaliwa kwenye teksi. Ukubwa, mahali na mzunguko nimeshavioanisha. Programu nimeiandika upya mara mbili, ya pili umeme ukakatika saa sita usiku sijahifadhi kitu. Kosa liko wapi?

fundi_nukta
Programu iache kwanza. Nukta aliweka nani?

kijana_wa_Mbale
Kushoto mimi. Kulia nusu mimi, nusu binamu yangu. Tarehe ilikuwa inatukimbiza.

fundi_nukta
Hapo hapo! Modeli haijui pafu, inajua namba. Nukta ya 17 lazima iangukie sehemu ileile ya pafu kwenye kila picha. Kama wewe ulianzia kileleni na yeye akaanzia chini kwenye kiwambo (msuli ulio chini ya mapafu), wastani wenu unaangukia katikati ya pafu. Chora picha yako moja na yake moja, kila nukta na namba yake pembeni. Kisha kilele na kona mbili za chini zifanye nukta za kudumu, zilizobaki zigawe kwa umbali sawa kati ya hizo.

mpiga_eksirei_Gulu
Hesabu zenu mimi hapana. Ila nauliza: huku naletewa wagonjwa wenye maji kifuani, kona ya chini haionekani kabisa, ni weupe mtupu. Hiyo modeli itapitisha mstari wapi?

fundi_nukta
Dada, umegusa penyewe. Itachora kona ambayo wewe huioni. Umbo haliruhusiwi kwenda mbali na yale lililofunzwa. Kwa kawaida kila kigezo, yaani namba inayosema umbo limebadilika kiasi gani, hubanwa ndani ya mikengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) mitatu kutoka wastani. "Nyoka" wa Kass, Witkin na Terzopoulos (1988), yaani mstari unaojivuta wenyewe kufuata kingo za picha, hana kumbukumbu hiyo, angevutwa na ukingo wa maji. Ukitaka kujua kifua kinaishia wapi, modeli inakufaa. Ukitaka kupima hewa iliyobaki, itakudanganya kwa mstari mzuri sana.

mpiga_eksirei_Gulu
Basi mstari wake na weupe wangu nivione pamoja. Pengo lililo kati yao ndilo daktari analolitaka.

kijana_wa_Mbale
Mmenipatia! Binamu alianzia kona ya chini ya nje, halafu akazunguka kinyume changu. Nimegeuza orodha zake zote 30, nikazianzisha pale ninapoanzia mimi, pafu limenyooka. Ila sasa modeli ikitafuta pafu kwenye picha mpya, nukta za kileleni zinang'ang'ania mtulinga.

fundi_nukta
Anza na picha iliyopunguzwa hadi robo, mtulinga ufifie, ndipo upande hadi ukubwa kamili. Zikirudi kung'ang'ania, weka picha hapa tuione.