Mrejesho: mama hajahamishwa

Wakuu, ahsanteni sana. Niliuliza nifanye nini baada ya nyumba ya kutunzia wazee anakoishi mama, huku Ohio, Marekani, kumwambia kwa mdomo tu ahame ndani ya siku tano. Mlinishauri nitafute bango la mtetezi wa wakazi (ombudsman), yule anayetetea haki za wanaoishi kwenye nyumba hizi. Nililikuta ukutani, nusu limezibwa na kalenda. Nikapiga simu.

Mtetezi aliyekuja ni dada mmoja, akavuta kiti karibu na kitanda, akamuuliza mama kwanza, si mimi, kama anataka asaidiwe. Bila ridhaa ya mama hagusi kitu. Kisha akawakumbusha wakubwa wa nyumba hiyo sheria ya Marekani ya 1987 kuhusu kumhamisha mkazi: notisi ya maandishi, kwa kawaida siku 30, na haki ya kukata rufaa. Hakutudai hata senti. Mama yupo chumba kilekile. Kengele ya kuita wahudumu bado wanachelewa kuiitikia, hilo tunalifuatilia.