Naomba ushauri: namba ya mtihani imefutika, matokeo ya nani haya?

Habari zenu wakubwa. Mdogo wangu alifanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, kituo kiko huku Temeke. Namba yake aliiandika kwenye kikaratasi, kikafuliwa na suruali. Inasomeka kuanzia ile P hadi mwisho kasoro tarakimu moja tu, ambayo ni 1 au 7. Hapo ndipo kasheshe ilipo.

Nimeingia tovuti ya NECTA nikafungua kituo chake. Ukurasa unaonyesha namba na jinsia, majina hakuna. Zote mbili ni za wavulana, wote wana Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili na Kiingereza. Mmoja ana divisheni III, mwingine 0. Dogo anaapa ni ya III (nani asingeapa?). Msimamizi wa kituo hapokei simu tangu juzi.

Ujumbe wa malipo ya ada ya mtihani bado upo kwenye simu yangu. Je, kwa huo naweza kuipata namba yake kamili? Au aende mwenyewe kituoni, na abebe nini? Mama ameshaanza kuulizia bei ya kuku.